Liwali wa Chini ya Ngazi

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mwenye umri wangu nikimwambia hivyo haniulizi tarakimu. Mvua iligoma bara, mahindi meupe yakapotea, mchele ukawa kitu cha kuonyeshwa mgeni, na serikali ikatuletea unga wa mahindi kutoka Marekani, wa rangi ya bizari. Sisi watu wa Mji wa Kale, tuliolelewa kwa wali wa nazi na mkate wa mofa, tukaupika sima, tukafunga milango, tukala. Jirani akibisha hodi unafunika chungu. Mtaa mzima ulinuka sima na mtaa mzima ulisema umekula pilau. Basi mwaka huo ndio nilioanza kazi ya sungura.

Nawaandikia nyinyi vijana wa maabara, wenziwe mjukuu wangu Zuhura, kwa sababu mlipokuja kwangu Idi mlinicheka. Sikukasirika. Mlikuwa na mahamri yangu mdomoni, na mimi simkasirikii anayetafuna chakula changu. Zuhura aliwaambia, "Nyanya naye alitengeneza kingamwili zamani." Yule mrefu wenu akauliza, "Kwa sufuria gani, Nyanya?" Sasa soma, mwanangu. Hakukuwa na sufuria. Kulikuwa na sikio.

Lakini kwanza nimsifu Zuhura, maana mimi nilisoma madrasa na madarasa machache ya skuli, na huyu wangu leo anaitwa daktari bila kumdunga mtu sindano. Kazi yake amenieleza mara nyingi mpaka nikaielewa. Ndani ya kila chembe ya mwili wako mna uzi mrefu, DNA, ulioandikwa jinsi utakavyokuwa. Uzi huo hukatika: jua, moshi, uzee, bahati mbaya. Ukikatika kuna protini, yaani fundi, anayekwenda kuuunga. Fundi huyo huja siku ile ile bila kuitwa, na hapo nilijua hatoki Mombasa. Zuhura anataka kumwona akiwa kazini, lakini ndani ya chembe mna wengine chungu nzima. Kwa hiyo anatumia kingamwili kinachomjua fundi huyo peke yake, kinamshika, na chini ya hadubini fundi anang'aa kama aliyemulikwa tochi.

Na kingamwili hicho, wanangu, kinatoka kwa chembe moja ya panya iliyounganishwa na chembe ya saratani isiyojua kufa. Inazaa, na kizazi chake chote kinatoa kitu kimoja, kile kile, bila tofauti. Ukoo mzima usio na mgomvi hata mmoja. Nilimwambia Zuhura, hiyo si sayansi, hiyo ni ndoto ya kila mavyaa.

Sisi hatukuwa na ukoo wa namna hiyo. Tulikuwa na sungura, na nyumbani kwangu alikuwapo mavyaa, mamake mume wangu.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ndogo upande wa Majengo. Daktari alikuwa Mgoa, mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi hata pasipoonekana. Kazi yake ilikuwa kupatanisha damu: ya mgonjwa na ya mwenye kumtolea. Damu mbili zinaweza kuonana zikanyamaza, kumbe ndani zimeshachukiana, na akipewa mgonjwa anakufa. Kuna dawa ya kuzifichua. Ilitoka ng'ambo kwa meli, ikikaa gatini juani, ikitufikia imeshakufa. Na mwanamke anayemwaga damu kwa uzazi hamwambii mtu nitangojea meli ijayo. Daktari akasema, basi, tutaitengeneza wenyewe.

Inatengenezwa hivi. Unachukua protini ya damu ya mtu, unamdunga sungura, unangoja, unamdunga tena. Mwili wa sungura unaona mgeni, unatoa askari wa kumkamata. Ukimtoa damu baadaye, ile seramu inayobaki juu damu ikiganda imejaa askari hao. Tone moja ukilitia kwenye zile damu mbili zinazojifanya zimepatana, kama kuna uadui zitashikana vidonge vidonge, mfano wa tui lililokatika. Zikibaki laini, mgonjwa anapewa, anaishi, anakwenda kwao.

Taabu ni kwamba sungura hatoi askari wa namna moja. Anatoa jeshi zima la wapuuzi: mmoja anamshika mwizi, kumi wanashika wapita njia. Ilibidi tuwaondoe wapuuzi kwa kuichanganya seramu na chembe za damu zilizooshwa, wale wabaya wanaganda nazo, tunawatupa. Daktari alinieleza jambo hilo akitumia jioni nzima na ubao. Nikamwambia, "Kwani si kuchagua mchele? Unatoa mawe, unatoa chuya, unabaki na mchele." Akafuta ubao. Nyinyi leo mchele wenu unatoka shambani umeshachaguliwa, punje zote za shuke moja, halafu mwalalamika umeme umekatika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Karisa, Mgiriama aliyeajiriwa kabla yangu, mtu wa utani usiokwisha. Mimi niliingia kufagia. Siku sungura alipomkwaruza mpaka kifuani, nikavua leso yangu ya mabegani, nikamfunga yule sungura kama mtoto mchanga, kichwa nje. Akatulia. Mzee Karisa akanitazama.

"Wewe Mswahili, umejifunza wapi?"

"Nina mume."

"Haya. Kuanzia leo fagio nitashika mimi."

Alinionyesha sikio. Kuna mshipa ukingoni, mwembamba kama uzi wa kofia. Usiukimbilie. Usugue sikio kwa kitambaa chenye joto, ulipige kidogo kwa kidole, uongee na mwenyewe. Mzee Karisa aliongea nao Kigiriama, mimi Kimvita, na walitupa damu wote sawa. Chupa iwe kavu kabisa. Ikiwa na unyevu chembe zinapasuka, seramu inatoka nyekundu, umefanya kazi ya bure. Damu ikishaganda, pitisha kijiti pembeni mwa chupa kama unavyobandua keki kwenye sufuria, iweke mahali pa baridi, iache. Wenye haraka walitikisa. Alikuja msaidizi mmoja mwenye cheti, hodari wa Kiingereza, alitikisa chupa kama mtu anayetafuta sarafu ndani yake. Daktari alimpa kazi ya dirishani, kupokea wageni, na huko alifanikiwa sana.

Na sungura asile siku ya kutolewa damu. Akishiba mafuta, seramu yake haiwi safi kama samli iliyoyeyuka. Inakuwa nyeupe, nzito, huoni kitu ndani yake. Hilo mlishike, nitalirudia.

Mtaani, naam, walisema. Mwanamke wa buibui anakwenda Majengo kila asubuhi kwenye nyumba ya damu! Mumiani, walisema, ananyonya damu za watu anawapelekea madaktari. Mabibi waliokuwa wakinipokea kwa sabalkheri ndefu wakawa wanaikata nusu na kuingia ndani. Mimi sikujali, foleni ya kisima ilikuwa ikinipisha.

Sasa niwaambie habari za joto. Banda la sungura lilikuwa na paa la bati, na kaskazi ilipokaza, bati lile lilikuwa tanuri la mofa. Sungura ni mtu wa baridi. Anapumua kwa pupa, masikio yanalegea, ukirudi kutoka kula amelala ubavu. Walikufa mmoja mmoja, na waliobaki seramu zao zilikuwa dhaifu, tone lao halifichui kitu. Isipokuwa mmoja, dume la kijivu, kubwa, lenye masikio mapana. Mzee Karisa alimwita Liwali, kwa sababu alikaa siku nzima bila kufanya lolote, akalishwa, na kila mtu akamwogopa. Seramu ya Liwali ilikuwa moto. Tone dogo tu, na damu zenye chuki zinajitangaza zenyewe.

Daktari aliniita, uso umemsawijika. "Mwanahamisi, huyu akifa kwa joto tunaanza upya, miezi kadha wa kadha, na wodi ya wazazi haina dawa nyingine. Wewe unakaa nyumba ya mawe, sivyo?"

Nilikaa nyumba ya mawe, ya mamake mume wangu Abdalla. Kuta nene za matumbawe, na chini ya ngazi kuna shimo lenye baridi hata Februari, walimokuwa wakiweka mitungi. Nikasema nitampeleka.

Nilimtia kapuni, nikalificha kapu ndani ya buibui ili watoto wasinifuate, nikatembea nimelishika tumbo. Bi mmoja barazani aliniona, akaniona tena, akapiga kigelegele. Kabla sijafika mlangoni habari imeshafika: Bi Rukia apata mjukuu! Mavyaa wangu, Bi Rukia, alinipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akafungua buibui kwa adabu, na Liwali akatoa masikio.

Hakusema nami mpaka Ijumaa.

Aliposema, alisema yote. "Nyumba hii imesaliwa na mababu, wewe waniletea mnyama aliyetiwa damu ya mtu! Najisi chini ya ngazi yangu! Watu wanakuita mumiani, nilikuwa nikikutetea. Sasa nitawaambia nini, kwamba mumiani amekuja na mwanawe?" Abdalla, aliyekuwa karani wa kuhesabu magunia kwenye maghala ya Shimanzi, alijaribu kuingia kati. Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, hata magunia yanakushinda."  Mume wangu alikuwa mtu mwema sana, na kila mtu aliyekuwa na la kusema alilisema kupitia kwake.

Liwali alikaa. Nilimchumia majani, nilimpeleka maabara siku za damu, nikamrudisha. Bi Rukia akipita ngazini alikunja leso yake juu isimguse. Kisha taratibu, sijui lini, akaacha kuikunja. Nikamkuta siku moja ameinama, anamtazama. Nikafurahi. Nikamwambia Abdalla, mama amelainika. Mjinga mimi.

Siku iliyofuata ya kutoa damu, seramu ya Liwali ikatoka nyeupe. Nyeupe pepepe, tui la kwanza. Daktari akainua chupa kwenye mwanga.

"Amekula nini huyu?"

"Majani, daktari. Na jana jioni sikumpa kitu."

Mzee Karisa akachukua chupa, akanusa, akaguna. "Hapa pamepita nazi."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti chini ya ngazi, nikapekua. Nyuma ya mtungi, kisahani. Ndani yake machicha ya nazi, yamekamuliwa, yamechanganywa na siagi kidogo ya kopo. Kumbe mavyaa wangu, kila alipokuna nazi, machicha hayakwenda kwa kuku. Nikampapasa Liwali mgongoni. Alikuwa amenona! Mbavu huzioni. Alinitazama bila haya, kama liwali kweli.

Nikaenda jikoni. "Mama, unamlisha Liwali?"

Bi Rukia hakugeuka. "Nalisha."

"Kwa nini?"

"Jumapili waja watu kuposa wifi yako, watu wakubwa. Abdalla amenipatia mchele huko Shimanzi, mchele mweupe, wa biriani. Nyama ya mbuzi haishikiki. Kuku wangu wamebaki mifupa yenye sauti. Nitawapa nini, mchuzi wa maneno?"

"Lakini Mama, ulisema ni najisi!"

"Nimemuuliza mwalimu, sungura ni halali."

"Ulisema ana damu ya mtu!"

"Hiyo," akasema, akiosha mikono, "ilikuwa kabla hajanona."

Nilimweleza. Wallahi nilimweleza vizuri, wodi ya wazazi, damu zinazochukiana, tone lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wifi yako asipoolewa, tone gani litamsaidia?" Kwake yeye binti alikuwa wa kweli, wale wazazi wa wodini walikuwa hadithi. Mimi nilikuwa nimebeba chupa zao mwenyewe, nimeona wengine wakitoka na watoto. Kila mmoja wetu alikuwa na wanawake wake wa kuwatetea, na sungura alikuwa mmoja.

Jumapili asubuhi nilisikia kisu kikinolewa. Alikuwa Abdalla, ukumbini, ananoa na kunitazama, ananoa na kumtazama mamake. Nikamvuta Liwali kutoka chini ya ngazi, nikamfunga ndani ya leso, nikaketi naye kwenye kidato cha chini.

"Mke wangu," Abdalla akasema polepole, "mimi niko katikati kama nyama ya sambusa."

"Toka katikati basi."

Bi Rukia akaja, ananuka zafarani, masala yote tayari. Akanyoosha mikono. "Mlete."

Nikamwambia: "Simtoi. Huyu ana kazi, na kazi yake si kufa."

Kisu kikaacha kunolewa. Katika nyumba ile hakuna mke wa mtu aliyewahi kumwambia simtoi. Alisema kwa utulivu kabisa, na utulivu wake ndio uliokuwa mbaya: "Chumba ni changu. Chagua. Huyo, au chumba."

Nikasimama. Nikachukua kapu langu na viatu, nikapita mlangoni, nikaketi barazani nje, Liwali mapajani, mgongo wangu kwenye mlango wao wa nakshi. Sikulia. Nilikuwa nikifikiri nitalala wapi na wapi kuna baridi ya kumtosha Liwali.

Na hapo ndipo wageni wakatokea kwenye kona ya kichochoro.

Waliongozwa na bibi mmoja mkubwa, mrefu, wa mazungumzo ya kupimwa. Akanitazama, akamtazama sungura ndani ya leso. "Sabalkheri, mwanangu. Hujambo? Wazima nyumbani? Na huyu?"

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Bi Rukia aliona yote kwa mara moja: wageni, mkwe barazani na kapu la kuhama, sungura hai. Nilingojea. Sijui alikipata wapi kifua kile.

"Karibuni, karibuni! Msimstaajabie huyu. Mke wa mwanangu anafanya kazi na madaktari. Huyu sungura si sungura hivi hivi, damu yake inaokoa wanawake wanaojifungua, Mombasa nzima hakuna wa pili. Anamlinda yeye mwenyewe, hamwachii mtu. Hata barazani anampungisha hewa."

Yule bibi mkubwa akapeleka mkono kifuani. Kumbe binti yake alikuwa amepewa damu wodini mwaka uleule, akarudi mzima. Akainama, akamgusa Liwali utosini kwa vidole viwili, kama anayechukua baraka. Bi Rukia akatabasamu tabasamu la mtu anayemeza mfupa. Abdalla akatumwa mbio sokoni, wakala biriani ya changu, na posa ikakubaliwa, na sifa za nyumba yetu ya kitabibu zikafika mbali kuliko samaki yule alivyofaa kwa biriani.

Toka siku hiyo Bi Rukia hakuweza kurudi nyuma. Alikuwa ameyasema mbele ya watu, ikabidi ayaamini. Aliwaonyesha majirani Liwali kwa zamu. Mtu akitaja mumiani, alikuwa wa kwanza kumwita mshamba. Machicha akayakomesha mwenyewe, seramu ikarudi safi, na nikirudi jioni swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo ametoa ngapi?" Mimi mwenyewe hakuniuliza kama nimekula.

Nikafanya kazi ile miaka mingi, mpaka friji nzuri na dawa za chupa za ng'ambo zilizofika zikiwa hai ziliponistaafisha. Lakini niwamalizie habari za daktari.

Alikuja nyumbani jioni moja, shati limepigwa pasi. Bi Rukia akamtolea kahawa na kashata. Daktari alikuwa anahamishwa Nairobi. Alizunguka, alisifu kahawa, alisifu kuta, kisha akasema. Liwali anazeeka. Nguvu ya seramu itashuka. Alitaka kabla hajaondoka amtoe damu yote kwa siku moja, ajaze chupa za kutosha, aziweke kwenye barafu, awaachie wodi akiba. Ndivyo wanavyofanya kila mahali, alisema. Sungura atalazwa usingizi, hatahisi kitu.

"Yote?" Bi Rukia akauliza.

"Yote, Mama."

"Angalau mimi ningemsomea bismillahi," mavyaa akasema, akamwondolea sahani ya kashata.

Nilimwambia daktari nitamletea kidogo kidogo, sikioni, kila wodi ikitaka, mpaka sikio lichoke au Liwali achoke. Akatikisa kichwa. Akasema vidogo vidogo havitatosha, na atakayekuja baada yake huenda asijue. Alikuwa na haki yake, wanangu, nisimpake matope. Alikuwa akiwafikiria wale wale niliokuwa nikiwafikiria mimi nilipokaa kwenye kidato kile.

"Mwanahamisi," akasema, "nakuomba, si kama mkubwa wako, kama mwenzangu wa kazi. Nipe."

Bi Rukia alikuwa amesimama mbele ya ngazi, leso yake imeshuka mpaka chini, imeliziba lile shimo lote. Nikaweka kikombe chini.

"Simtoi. Huyu ana kazi, na kazi yake si kufa."